Malezi ya Tomi

Mtoto wa mbwa aliletwa Newala siku ya Jumanne, mwanzoni mwa Novemba, ndani ya katoni ya sabuni iliyotobolewa matundu ubavuni. Lori la kampuni lilikuwa limekuja kuchukua korosho. Dereva aliishusha katoni kwa mikono miwili, taratibu kuliko alivyowahi kushusha mzigo wowote, akamkabidhi Bonifasi, msimamizi wa ghala, pamoja na karatasi moja iliyopigwa chapa. Bonifasi alisaini mapokezi: magunia matupu, uzi wa kushonea, mbwa mmoja.

Ulikuwa msimu wa tatu tangu watu binafsi waruhusiwe kununua korosho. Maghala ya ushirika yalikuwa yamefungwa kufuli na popo wamehamia darini, na kampuni zenye majina mapya zilikuwa zikitundika mizani kila njia panda. Mwenye kampuni ya Bonifasi aliitwa Bwana Christopher, mtu wa Dar es Salaam, mpole wa sauti, asiyependa kurudia neno. Mbwa alikuwa wa mbegu ya kigeni, alelewe sasa ili akikua alinde mali. Karatasi ilisema anaitwa Tomi, na ilikuwa na vifungu kumi na vinne vya namna ya kumtunza awe na afya na furaha.

Bonifasi aliisoma kwa sauti jioni ile, mkewe Veridiana akisikiliza huku akichambua mchicha. Alishwe mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Uji wa maziwa yaliyochemshwa, yai moja kila siku, nyama isiyo na mfupa mara mbili kwa wiki. Maji safi yasikosekane. Aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu, akaushwe mpaka masikioni. Akaguliwe kupe. Alale pakavu, juu ya kitu laini. Asipigwe wala kufokewa. Asifungwe mnyororo kabla ya kutimiza mwaka. Kifungu cha mwisho kilieleza kwamba mtoto wa mbwa huuawa na upweke upesi kuliko njaa, kwa hiyo aitwe kwa jina lake, apapaswe, azungumzishwe kila siku kwa sauti ya upole.

"Maji safi yasikosekane," Veridiana alirudia. Mwezi ule maji ya Newala yalikuwa ya kuteremkia bondeni, kuondoka alfajiri na kurudi jua liko utosini. "Na atakayeyateka ni nani, Baba Flora?"

"Ni mali ya kampuni, Mama Flora," alisema Bonifasi. Binti yao Flora alikuwa akisoma shule ya bweni, na nyumbani walikuwa wamebaki wao wawili na jina lake.

Wawili, na mama yake Bonifasi. Huyu aliitwa Bi Sijaona, na alikaa katika kijumba cha udongo nyuma ya nyumba, upande wa pili wa ua. Alikuwa Mwislamu. Marehemu mumewe alikuwa Mkristo, na watoto walifuata dini ya baba. Lakini shamba lilikuwa la upande wa mama, kama ilivyo desturi ya Wamakonde: mikorosho arobaini na miwili huko Kitangari, mingine aliipanda yeye, mingine aliirithi kwa mama yake. Mwaka uliotangulia Bonifasi alimpelekea karatasi, akamwambia ni orodha ya wanaotaka salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho ambao ushirika ulikuwa hauugawi tena. Bi Sijaona hakujua kusoma. Alibonyeza dole gumba, akafuta wino kwa majivu, kisha akamkaangia mwanawe mihogo. Wiki tatu baadaye walikuja watu na misumeno. Sasa pale palikuwa na ghala lenye sakafu ya saruji, na Bonifasi alikuwa amepata usimamizi wake, na wa lile la Newala mjini.

Bi Sijaona alikunja mkeka wake, akaja Newala, akakaa kijumba cha nyuma.

Tangu siku hiyo Bonifasi hakuwahi kuingia mle. Hakuwa amekusudia iwe hivyo. Siku ya kwanza alisema kesho. Kesho yake akasema Jumapili, baada ya kanisa. Halafu siku zikawa nyingi, na kila siku iliyoongezeka ilihitaji maelezo yake. Alipokatiza uani alitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano. Chakula cha mama kilipelekwa na Veridiana, na kilikuwa kile kilichobaki. Siku nyingine hakikubaki.

Jumamosi ya kwanza Veridiana alimwogesha Tomi. Alipasha nusu ndoo, akampaka sabuni, akamsuuza, akaanza kumkausha kwa kanga kuukuu. Tomi alipiga chafya mbili. Mlango wa kijumba ukafunguka, Bi Sijaona akatoka na nywele zinazochuruzika maji, kanga imemganda mgongoni, naye akapiga chafya mbili. Alisimama juani.

"Maji yalikuwa ya moto kidogo," alisema.

"Nitapunguza, mama," alisema Veridiana. Akaendelea kukausha masikio ya Tomi, kwanza la kulia, kisha la kushoto, na upande wa pili wa ua Bi Sijaona alikuwa akiinamisha kichwa, kwanza kulia, kisha kushoto.

Bonifasi aliporudi kazini aliambiwa.

"Nywele zote zililowa?" aliuliza.

"Zote."

"Na sabuni ilitoka?"

"Ilitoka vizuri. Mama alikuwa hajaoga kwa sabuni tangu Mei."

Bonifasi alikaa kwenye kigoda, akafungua kamba za viatu, akazifunga, akazifungua tena.

Baada ya wiki moja mambo yalieleweka. Tomi alipopewa uji, Bi Sijaona alishiba uji. Tomi alipopewa yai, alijifuta mdomo kwa pindo la kanga. "Leo umeshika ukoko," alisema asubuhi moja Veridiana alipopita na sufuria, na ni kweli ulikuwa umeshika ukoko. Tomi alishonewa kigodoro cha sufi, na mgongo wa Bi Sijaona, uliokuwa umepinda kwa kulalia mkeka juu ya udongo, ulianza kunyooka. Mashavu yake yalijaa. Mwezi wa pili tangu mbwa aje alikuwa akitembea kwa mwendo wa kurukaruka kidogo, akisimama kunusa hewa pale barabarani, na akimwona mtu anayemfahamu alifurahi mpaka mabega yakatikisika.

Kwa chanjo ya kichaa cha mbwa walimwita Yohana, aliyekuwa bwana mifugo hadi alipopunguzwa kazi, na sasa alizunguka kwa baiskeli na dawa zake ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Alimshika Tomi begani, akamchoma. Ndani ya kijumba ikasikika "Ai!"

Yohana alitoa kadi na kalamu. "Niandike jina gani?"

"Andika la mbwa," alisema Veridiana.

"Na huyo wa ndani?"

"Yeye tunamjua."

Yohana aliandika Tomi. Kisha alimshauri Bi Sijaona kupitia dirishani kwamba bega likivimba asilisugue, likandwe kwa maji ya vuguvugu. Veridiana alimkanda Tomi kwa siku mbili, uvimbe ukapungua.

Watu walianza kumpongeza Bonifasi. Hilo lilikuwa jambo lililomwelemea kuliko yote. Sokoni walimsimamisha, wakampa mkono. "Umemtunza mama, ndugu yangu. Tumemwona juzi, ngozi inang'aa." Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyeitwa Godwin alikwenda mpaka Masasi kutafuta mtoto wa mbwa kwa ajili ya baba yake, akamlisha maziwa mwezi mzima, lakini yule mbwa alinenepa peke yake. Godwin alikuja kuuliza amekosea wapi. Bonifasi alimwambia hajui. Godwin alisema kwamba labda ni kwa sababu yeye na baba yake hula sinia moja kila jioni, na Bonifasi akaitikia kwamba huenda ni hivyo, akaanza kufunga dirisha la ofisi ingawa saa za kazi zilikuwa hazijaisha.

Mwezi wa Februari ulianza na Ramadhani. Siku ya pili Bi Sijaona alikwenda kwa jirani yao, Mwalimu Hamidu wa madrasa, akasimama nje ya uzio.

"Mwalimu, kinywa changu nimekifunga," alisema. "Lakini ikifika saa nne asubuhi tumbo linajaa."

Mwalimu Hamidu aliomba apewe muda. Baada ya swala ya alasiri alimwita. "Saumu ni nia, na asiyetia kitu kinywani hajala," alisema. "Funga yako ni sahihi. Ila kushinda umeshiba mchana wa Ramadhani, wewe mwenyewe utaona haina ladha. Mwambie mwanao huyo mnyama amlishe magharibi."

"Mwambie wewe."

"Kwani hamkai ua mmoja?"

"Tunakaa. Yeye hupita."

Basi Mwalimu Hamidu, mtu wa miaka sabini, alishika fimbo yake akaenda mwenyewe. Alikaa barazani mbali na mbwa, kanzu ameikunja juu ya magoti isiguswe na ulimi wa mnyama.

"Bonifasi, nimetumwa na mama yako," alisema. "Yuko hapo nyuma, ninaisikia sauti ya ufagio wake. Lakini nimetumwa mimi."

"Ndiyo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Anaomba mbwa ale jua likizama."

Bonifasi alisikia uso unawaka. Alisema sawa. Alitaka kusema zaidi, na Mwalimu Hamidu alisubiri, akatazama barabara kwa adabu ili kumpa nafasi. Mwishowe Bonifasi alimuuliza kama mvua ya mwaka huu itatosha mahindi.

Tangu siku hiyo Tomi alifunga mchana. Alipewa maji kidogo, kwa kuwa karatasi ilikataza kumnyima, na Bi Sijaona alisema hayo atayalipa baada ya Idi. Bonifasi alinunua tende sokoni, akazitoa kokwa, akampa Tomi tatu kila magharibi ilipoadhiniwa. Tomi alizinusa kwanza, kisha akazipenda. Kutoka kwenye kijumba ilisikika sauti ya mtu anayetema kitu. Asubuhi Veridiana akifagia alikuta kokwa tatu mlangoni kwa mkwewe, akazitupa jalalani pamoja na majani.

Kifungu cha kumi na nne Bonifasi alikitimiza mwenyewe. Hakumwachia mkewe. Kila alipotoka kazini alikaa kwenye kigoda uani, akampakata Tomi, akampapasa shingoni na nyuma ya masikio. Mlango wa kijumba ulikuwa wazi hatua chache mbele yake, na mle gizani aliweza kuona pindo la mkeka na ncha za vidole vya mama yake. Aliposugua shingo ya mbwa, vile vidole vilitulia. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na alijua vizuri anachokifanya.

Jioni ya sikukuu ya Idi Veridiana alikuwa amekwenda kwa majirani kula pilau. Bonifasi alimpakata Tomi, akainamia sikio lake, akasema polepole:

"Ile karatasi haikuwa ya salfa."

Tomi alimlamba kidevu.

"Nilijua. Bwana Christopher aliniambia wazi, nami nikajua. Nilitaka ile kazi."

Alisema na mengine, yote yale aliyokuwa ameyapanga kichwani kwa mwaka na nusu, na yalipokwisha hayakuwa marefu kama alivyodhani. Kisha alimweka Tomi chini, akaenda kunawa.

Kesho yake asubuhi Veridiana alimletea chai. Alisimama akiwa ameshika birika.

"Mama anasema maneno ya jana ameyasikia."

Bonifasi alikoroga chai yake.

"Anasema alijua siku ileile, tangu unafungua mdomo. Anasema alikukaangia ile mihogo aone kama itakupita kooni."

Bonifasi aliikumbuka mihogo. Ilikuwa mitamu, yenye pilipili na chumvi, na alikuwa ameomba aongezewe. Mama yake alimwongezea.

"Hakusema kingine?"

"Amesema mlango wake hauna komeo."

Alikunywa chai yote. Alivaa viatu, akazunguka kwa mbele, kwa njia ndefu inayopita nje ya ua, akaenda ghalani.

Mwezi wa Mei alikuja Bwana Christopher. Tomi alikuwa na miezi minane, kifua kimepanuka, manyoya yanateleza. Bwana Christopher alimfungua kinywa akatazama meno, akambonyeza mbavu, akasema hajawahi kumkabidhi mtu kitu kikatunzwa namna hii. Alisema atampeleka Lisekese, kule Masasi, alikofungua ghala jipya na wezi walikuwa wameshaanza kuruka ukuta.

"Bosi," alisema Bonifasi, "karatasi inasema asifungwe mpaka atimize mwaka."

"Karatasi niliiandika mimi."

"Kuna jambo la mama yangu."

"Nimesikia. Jambo hilo hata Mtwara lipo, kuna bibi mmoja na mbuzi." Bwana Christopher aliongea kwa upole kama kawaida yake. "Sasa unanishauri nini? Mbwa wa kampuni abaki Newala amtunze mama yako? Mama yako ana mtoto."

Bonifasi alisema, "Ndiyo, bosi."

"Kama una neno, liseme. Mimi si mtu mbaya. Nikisikia neno la maana naliangalia."

Veridiana alikuwa amesimama mlangoni. Yohana, aliyekuja kuleta kadi ya chanjo, alikuwa ameshika baiskeli yake. Wote walisubiri. Bonifasi alimbeba Tomi mwenyewe mpaka kwenye gari, akamkalisha juu ya kigodoro chake cha sufi. Gari lilipoanza kuteremka Bi Sijaona alishika nguzo ya mlango, akatapika kidogo, kwa sababu Tomi hakuwa amezoea kona za mlimani.

Ghala la Lisekese lililindwa na mzee aliyeitwa Kurwa, mtu mwema aliyekuwa na mambo yake mengi. Alimfunga Tomi kwa mnyororo kwenye chuma cha lango, akampa ugali wa pumba mara moja kwa siku, akiwa amekumbuka. Kigodoro kilinyeshewa, kikatupwa. Newala, shingoni mwa Bi Sijaona ilitokea alama ya duara, nyembamba, ya rangi ya kutu. Akitoka mlangoni aliweza kwenda hatua sita. Ya saba haikuwezekana. Hakulalamika, aliweka kigoda chake kwenye hatua ya tano ili abaki na moja ya kunyooshea miguu.

Mke wa Mwalimu Hamidu, Maryam, alifariki mwezi wa Juni. Bi Sijaona alijifunga kanga mbili, akaenda hatua sita, akasimama. Waombolezaji waliopita njiani walimwona, wakaacha njia, wakaja mmoja mmoja kumpa pole pale aliposimama, kisha wakaendelea na safari yao. Mwalimu Hamidu naye alikuja siku ya tatu. Alimkuta Bonifasi akitoka nyumbani, akampita bila kusema neno la mama wala la mbwa. Alimsalimu tu, na Bonifasi alihisi ile salamu begani kutwa nzima.

Chakula hakikuwa shida tena. Veridiana alianza kupika kwa kumhesabu mkwewe. Kila mchana alimpelekea sahani, wakakaa wote wawili kwenye hatua ya tano wakizungumza, na chakula kile kilimshibisha Bi Sijaona kama kinavyomshibisha mtu yeyote. Veridiana alikuwa ameanza kuona haya tangu alipotupa zile kokwa, na haya yake ilikuwa ya aina inayopungua mtu akifanya kazi.

Bonifasi alikwenda Lisekese kila Jumamosi. Alisingizia kuwa anakwenda kukagua magunia, akapanda lori la kampuni alfajiri, amebeba mayai yaliyofukiwa kwenye kopo la pumba, chupa ya maziwa, sabuni na kitambaa.

"Mayai haya mama angeweza kuyala hapahapa," Veridiana alimwambia Jumamosi moja.

"Najua."

"Basi mpe."

"Mpelekee wewe."

"Mimi nampelekea kila siku. Nasema wewe."

Alikaza kifuniko cha kopo. Lori lilipiga honi, akatoka.

Kule Lisekese alimwogesha Tomi, akamkagua kupe, akampa yai na maziwa. Kisha, kwa ruhusa ya Mzee Kurwa, alimfungua mnyororo kuanzia saa nne mpaka saa nne na nusu, wakakimbia pamoja kuzunguka ghala. Newala nzima ilifahamu saa hizo. Ikifika saa nne ya Jumamosi Bi Sijaona alikuwa tayari amevaa. Alikwenda kwa mdogo wake Bi Stamili, nyumba ya nne, akanywa kahawa kwa haraka, akashika mjukuu, akasikia habari, na ikikaribia saa nne na nusu wale waliokuwa naye walimkumbusha. Mtu mmoja wa mtaani alisogeza ndoa ya binti yake kutoka Ijumaa hadi Jumamosi asubuhi ili Bi Sijaona apate kuhudhuria, na kadhi alihimizwa afupishe.

"Wewe una moyo," Mzee Kurwa alisema, mwishoni mwa Julai, akimtazama Bonifasi anavyomkausha Tomi masikio. "Kumfuata mbwa kutoka Newala. Ni kwa ajili ya yule mama, eti?"

"Ndiyo."

"Naye anakaa Newala gani? Mjini, au huko vijijini?"

"Mjini. Nyuma ya nyumba yangu."

"Nyuma mbali?"

"Hatua kumi na mbili," alisema Bonifasi. Alikuwa amezihesabu siku nyingi.

Mzee Kurwa alitafuna kijiti cha meno yake, akafikiri. "Basi ni mbali," alisema, akaenda kufungulia lori lango.

Walipobaki peke yao Bonifasi alipiga goti moja kwenye vumbi. Tomi alikaa mbele yake, shingo imechubuka pale mnyororo unapopita. Bonifasi hakuwa amezungumza naye tena tangu ile jioni ya Idi. Alimwogesha na kumlisha kimya kimya. Sasa aliweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, mama," alisema.

Tomi alimtazama, mkia ukafagia vumbi mara mbili. Bonifasi aliinuka, akajipangusa goti, akatazama kama kuna aliyemwona. Hakukuwa na mtu. Saa nne na nusu alifunga mnyororo, akahakikisha kwamba kidole kimoja kinapita kati yake na shingo.

Alirudi Newala Jumapili mchana. Veridiana alimtengea ugali na kisamvu, akakaa mkabala naye, mikono mapajani.

"Jana mama aliitikia marahaba," alisema. "Alikuwa kwa Bi Stamili, kikombe mkononi."

Bonifasi aliosha mikono. Maji yalikuwa kidogo, akayatumia kwa uangalifu.

"Akakiweka kikombe chini. Akasubiri kama una neno lingine. Kahawa ikapoa. Tukamwambia, mama, saa imefika, twende, tukamrudisha, naye akaendelea kusubiri pale kwenye kigoda mpaka ikaadhiniwa adhuhuri."

"Sikuwa na neno lingine," alisema Bonifasi.

"Ndivyo nilivyomwambia."

Alikata tonge, akalichovya kwenye kisamvu. Kilikuwa kimeungwa kwa karanga, kitamu sana, na Veridiana alipouliza kama anaongeza, alimsogezea sahani.